Sura ya Tano: Barabara Huanzia Kwenye Karatasi

Kila barabara ya mjini hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza hujengwa kwenye karatasi, kwa rula, kalamu na vipimo. Mara ya pili hujengwa ardhini, kwa kokoto, lami na jasho. Barabara iliyokosa nafasi kwenye karatasi huipata ardhini kwa nadra, na ikiipata, huwa imelipiwa kwa nyumba za watu. Ndiyo maana sura hii ya barabara na usafiri wa mijini inaanza na ramani. Greda na katapila zitafuata.

Tandaza ramani ya Dar es Salaam mezani, kisha ifuate Barabara ya Morogoro kutoka Magomeni kuelekea Ubungo. Utapita Manzese, na jirani yake Tandale. Nyumba zimesongamana, njia zinapinda, zinakata, zinaishia ukutani mwa mtu. Sogeza kidole kidogo tu, ufike Sinza na Kijitonyama. Hapo mistari inanyooka. Mitaa inakutana kwa pembe zinazoeleweka, viwanja vinalingana, shule na masoko yana nafasi zake. Watu wa pande zote mbili ni wa jiji moja, wengi walifika mjini miaka ileile wakitafuta riziki ileile. Tofauti ilianza kwenye meza ya mpima ardhi.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga. Mkazi alipata kiwanja chenye mipaka, barabara ikiwa imeshachorwa na njia ya maji imeshaachwa. Nyumba akajijengea mwenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mradi huohuo uliingia Manzese pia, lakini huko watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo barabara na mabomba vikalazimika kupenyezwa katikati ya kuta. Watafiti waliokuja kuyalinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba mitaa iliyopimwa mapema ina nyumba bora zaidi na mpangilio uliodumu. Mistari michache iliyochorwa mapema imeishi kuliko wengi wa walioichora.

Wakazi wa Manzese hawana lawama katika hili. Walijenga kwa mikono yao pale ambapo viwanja vilivyopimwa havikutosha. Lililokosekana ni ramani iliyowatangulia.

Ramani za wakubwa

Dar es Salaam haijawahi kukosa ramani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizoligawa eneo la mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kusimama. Kwa vitendo, mgawanyo wa nyumba ukawa mgawanyo wa watu kwa rangi zao. Waingereza wakaurithi, wakaukaza: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Anayetembea leo kutoka Posta kwenda Kariakoo huvuka viwanja vya Mnazi Mmoja akifurahia uwazi na vivuli. Uwazi ule uliachwa kwa makusudi, ili uwe mpaka kati ya jamii moja na nyingine. Kalamu ya mpangaji ilipita hapo, na hadi leo miguu yetu inaifuata.

Baadaye ikaja mipango mikuu mitatu ya jiji. Wa mwaka 1949 uliandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza. Wa mwaka 1968 ni kazi ya Project Planning Associates ya Toronto. Wa mwaka 1979 ni wa kampuni nyingine ya Canada, Marshall Macklin Monaghan. Yote mitatu ilichorwa na wageni, na baada ya ule wa 1979 jiji likakaa zaidi ya miaka 30 bila mpango mkuu mpya. Watu hawakusubiri. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 270,000. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Jiji lilikua mara 20 katika umri wa mzee mmoja, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokea nje ya mistari ya mpango wowote.

Jiji likatanuka kama vidole vya mkono, kiganja kikiwa bandarini. Kidole kimoja ni Barabara ya Bagamoyo, cha pili ni ya Morogoro, cha tatu ni ile ya Pugu ambayo leo inaitwa Nyerere, na cha nne ni ya Kilwa. Watu walijenga kando ya vidole hivyo kwa sababu ndiko daladala zilikopita. Kati ya kidole na kidole yalibaki mabonde, mashamba na njia za vumbi, ambayo baadaye nayo yalijaa. Barabara za Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazokata katikati na kuviunganisha vidole, na kila mkazi wa Dar es Salaam anajua uzito unaobebwa na barabara hizo mbili: malori ya bandarini, mabasi, bodaboda na magari ya watu binafsi, yote kwenye lami moja.

Ukiitazama ramani hiyo unaelewa mara moja kwa nini miradi mikubwa ya usafiri imefuata njia iliyofuata. Mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi wameyapa jina la mwendokasi, yalianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Huo ni mtandao wa takriban kilomita 21. Awamu ya pili ilipangwa kwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ya tatu kwa Nyerere hadi Gongo la Mboto, ya nne kwa Bagamoyo hadi Tegeta. Ni vidole vilevile. Hata barabara za juu zimeinuka pale ambapo kidole hukutana na barabara inayokata: ya Mfugale, pale TAZARA, ilifunguliwa mwaka 2018, na ya Kijazi, pale Ubungo, mwaka 2021.

Kazi hizi ni za maana, na aliyewahi kulala kwenye foleni ya Ubungo enzi za taa anajua thamani yake. Lakini abiria haishi juu ya barabara kuu. Akishuka kituoni ana safari nyingine ya kufika nyumbani: kwa miguu, kwa bodaboda, kwa bajaji, katika vichochoro ambavyo kwa miaka mingi havikuwa na jina, namba, wala mstari kwenye ramani yoyote. Barabara kuu zina wakala wake, TANROADS. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, zina wa kwake, TARURA. Sheria imeshazigawa. Swali linalobaki ni nani anazijua zote zilipo.

Karatasi iliyokwenda Tandale

Mwaka 2011 wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi wa kata hiyo, wakiwa na vifaa vya GPS na karatasi. Walitaka kuchora kila kitu kinachoonekana: njia, vyoo vya jumuiya, magati ya maji, maduka ya dawa, shule, mitaro, majalala. Walichokipata wakakiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichangia, kuipakua na kuichapa bila kulipia, mradi ataje chanzo chake. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, kazi hiyo ikawa mradi wa jiji uliojulikana kama Ramani Huria. Mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi, pamoja na wakazi, wakazichora kata moja baada ya nyingine, zikiwemo zile ambazo mvua ya masika huzigeuza bwawa.

Ni vyema kuiangalia kwa karibu karatasi waliyotembea nayo, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la sura hii.

Kwanza eneo hukatwa vipande, kila kipande ukurasa mmoja wa A4. Ukurasa huchapwa ukiwa na kile kinachojulikana tayari, ambacho mara nyingi ni mapaa yaliyoonekana kwenye picha ya angani na njia kubwa mbili tatu. Pembeni kuna alama ya mraba yenye vidoti vyeusi, inayoibebea kompyuta taarifa kwamba ukurasa huu ni wa sehemu gani hasa ya dunia. Mchoraji na mkazi wa mtaa hutoka nao, mmoja akishika ubao wa kuandikia, mwingine akionyesha. Hapa ni msikiti, andika. Hapa njia inapita ingawa paa limeificha. Hapa palikuwa na karavati, limeziba tangu mwaka juzi. Hapa pikipiki inapita, gari haipiti. Kalamu hujaza kile ambacho setilaiti haiwezi kukiona, kwa sababu setilaiti huona bati, haijui aliye chini yake. Jioni ukurasa hupigwa picha au kuskaniwa, kompyuta huisoma ile alama na kuuweka mahali pake, na mchoraji hufuatisha maandishi ya kalamu hadi yawe mistari ya ramani.

Katika zoezi la kuchora maeneo ya mafuriko walitumia kipimo ambacho kila mtu anacho. Mwenyeji aliulizwa maji yalimfika wapi: kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni au kifuani. Bibi aliyeishi bondeni tangu ujana wake hana cheti cha elimu ya maji, lakini anakumbuka mvua ya mwaka gani ilifika dirishani na ilisukuma kutoka upande gani. Kumbukumbu za aina hiyo zikikusanywa nyumba kwa nyumba na kuwekwa kwenye ramani moja, zinatoa picha ya mwendo wa maji ambayo mhandisi anaweza kuifanyia kazi. Kisha ramani ikachapwa upya, kubwa, yenye rangi, ikarudishwa mtaani kwa watu walioichora.

Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo yenye uzito kuliko zote. Taarifa nyingi huchukuliwa mitaani, na chache sana hurudi.

Maji hayasomi mipaka ya kata

Bonde la Msimbazi linaonyesha vizuri kwa nini barabara, mtaro na ramani ni kitu kimoja. Mto huu unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya vijito vya katikati ya jiji, unafika Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Desemba 2011 mvua kubwa iliujaza, na watu zaidi ya 40 wakafariki katika mafuriko ya Dar es Salaam. Tangu wakati huo Jangwani imezama tena na tena. Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na jiji hukatika vipande viwili. Karakana ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humo imewahi kuingiwa na maji na mabasi yake kuharibika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo, kazi inayohusisha kupanua njia ya mto, kuhamisha wakazi walio hatarini na kujenga daraja jipya la Jangwani.

Mhandisi anayepanga mtaro wa mtaa mmoja bila ramani ya mitaa iliyo juu na chini yake anahamisha tu mafuriko kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine. Barabara ya lami isiyo na mtaro ni mto mpya: maji yaliyokuwa yakinyonywa na mchanga sasa yanateleza juu ya lami na kuingia kwenye nyumba ya kwanza iliyo chini ya usawa wake. Wakazi wa vitongoji vya Dar es Salaam wanaijua hali hii. Barabara ikiinuliwa, kizingiti cha mlango kinabaki chini, na mwenye nyumba anaanza kujaza kifusi chumbani kwake. Ramani nzuri ya mtaa, yenye vimo vya ardhi na mwelekeo wa kila mtaro, ingeliona tatizo hilo kabla ya siku ya kwanza ya greda.

Mistari ya rangi ya Nairobi

Ramani ya barabara inaonyesha gari linaweza kupita wapi. Ramani ya usafiri inamwonyesha abiria anaweza kufika wapi, na hilo ni jambo jingine. Mwalimu wa fani hii ni Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme ambaye ramani yake ya treni za chini ya ardhi za London ilitolewa kwa umma mwaka 1933. Beck aliuacha umbali halisi, akanyoosha mistari, akaipa kila njia rangi yake. Aliona kuwa abiria aliye chini ya ardhi anahitaji kujua vituo na mahali pa kubadilisha treni. Mikunjo ya reli haimhusu.

Miaka 80 baadaye fikra hiyo ilifika Nairobi. Matatu ndizo zilizobeba jiji, lakini hakukuwa na ramani moja ya umma iliyoonyesha njia zao zote. Ujuzi wote ulikuwa vichwani mwa madereva, makanga na abiria wazoefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, waliwapa wanafunzi simu na kuwatuma wapande matatu, wasafiri njia nzima na kurekodi kila kituo, kile chenye kibao na kile kinachojulikana kwa mazoea tu. Mradi huo, Digital Matatus, ulitoa ramani yake mwaka 2014. Njia zaidi ya 130 zilipangwa kwa mistari ya rangi, kila moja na namba yake: 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 111 ya Ngong. Serikali ya jiji ikaipokea kama ramani rasmi, na mtu yeyote aliweza kuipakua na kuichapa.

Ramani ile haikuishia kuwasaidia wageni wa jiji. Ilipotandazwa, wenye jiji wenyewe waliona jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona akiwa kwenye kiti cha matatu: karibu mistari yote inakimbilia katikati ya jiji, na michache sana inaunganisha pembe moja ya jiji na nyingine. Mtu wa mashariki anayefanya kazi magharibi hulazimika kuingia mjini, kushuka, kutembea, kupanda tena na kulipa nauli ya pili. Foleni ya katikati ya jiji ikapata maelezo yake juu ya karatasi moja.

Nairobi ilikuwa imeshajifunza nguvu ya ramani ya namna hii. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera walifundishwa kutumia GPS na kuchora eneo lao, wakati ambapo ramani zilizokuwa zikitumika ziliwaacha maelfu ya wakazi wa hapo bila njia, shule wala zahanati hata moja. Kilichokuwa doa tupu kikajaa alama.

Dar es Salaam bado inaihitaji ramani ya usafiri kama ile ya matatu. Daladala zetu zina mfumo wake: jina la njia limeandikwa mbele, na mkanda wa rangi ubavuni unaitambulisha ruti. Huo ni msingi mzuri wa ramani ya rangi, uliokwisha kubuniwa na unaoeleweka na watu. Sasa pana mwendokasi, pana vivuko vya Kigamboni, pana treni ya SGR iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, pana kituo kikuu cha mabasi ya mikoani Mbezi Louis. Msafiri anayeshuka Mbezi na mizigo yake kwa mara ya kwanza anastahili kukuta ukutani ramani moja inayomwonyesha namna ya kufika Mbagala, Kigamboni au Bunju, bila kumtegemea mpiga debe wa kwanza atakayemshika mkono.

Namna ya kuchapa ramani inayofaa

Wapo watakaosema kwamba kila mtu ana simu, na ramani ya karatasi imepitwa na wakati. Simu ni chombo kizuri kwa mtu mmoja anayetafuta mahali pamoja. Mtaa hauwezi kujadili mtaro ukiinamia kioo cha inchi sita. Bando huisha, chaji huisha, na kioo kile kinaonyesha kipande tu. Karatasi kubwa ikitandazwa mezani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, watu 15 wanaizunguka. Mzee anaweka kidole, kijana anambishia, mama lishe anasahihisha wote wawili, na mwenyekiti anaandika. Ubishi huo ndio mipango miji.

Ramani ya kuchapa ina kanuni zake, na hazihitaji shahada. Jambo la kwanza ni kipimo. Kwenye kipimo cha 1:10,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 100 ardhini. Kinatosha kuonyesha barabara kuu na vituo vya kata nzima. Kwa vichochoro na mitaro unahitaji kushuka hadi 1:2,500, ambapo sentimita moja ni mita 25. Karatasi ya A4 kwa kipimo cha 1:5,000 inabeba eneo la takriban kilomita moja kwa moja na nusu. Karatasi ya A0, ambayo huchapwa kwenye maduka ya michoro ya majengo, inabeba kilomita mbili kwa tatu kwa kipimo cha 1:2,500, na hilo ni eneo la mitaa kadhaa.

Weka kipimo kama mstari uliogawanywa, usiishie kwenye tarakimu. Karatasi ikipunguzwa kwenye mashine ya kurudufu, mstari utapungua nayo na utabaki sahihi, wakati tarakimu itasema uongo. Weka mshale wa kaskazini. Weka tarehe, kwa sababu jiji hubadilika na ramani isiyo na tarehe haina wa kuiamini. Chagua rangi zinazotofautiana hata zikichapwa kwa wino mweusi, maana nakala nyingi zitatolewa hivyo. Andika kwa Kiswahili, kwa majina ambayo watu wanayatumia: kama kituo wanakiita Kwa Mkwere au Mwembeni, hilo ndilo jina lake kwenye ramani, hata kama kwenye waraka kina jina lingine. Tenganisha njia inayopitika kwa gari, ya bajaji na ya miguu tu, kwa sababu gari la wagonjwa na la zimamoto huendeshwa kwa taarifa hiyo. Onyesha mitaro na upande yanakoelekea maji.

Kazi moja kubwa imeshafanyika. Mwaka 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimamishwa, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali. Kwa mara ya kwanza vichochoro vingi vya Manzese, Tandale, Vingunguti na Mbagala vina jina linaloandikika. Hatua iliyobaki ni fupi na ya bei nafuu: kuzitoa taarifa hizo kwenye kompyuta na kuzibandika ukutani.

Mstari unaovunja nyumba

Ramani ina upande mwingine, na si haki kuuficha. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Hifadhi ya barabara katika eneo hilo ilitajwa kuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Alama nyekundu ya X ilipita ukuta kwa ukuta, na watu waliokuwa wameishi hapo miaka mingi wakajikuta wanaanza upya. Anayeuona uchungu huo anaweza kusema heri ramani zisiwepo.

Mimi nasema kinyume. Mstari wa hifadhi hauzaliwi siku ya kuvunja. Unakuwepo kwenye karatasi miaka mingi kabla, kwenye kabati la ofisi fulani, ukiwasubiri watu wasioujua. Kama ramani yenye mstari huo ingening'inia kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa kando ya barabara, mnunuzi wa kiwanja angeuona kabla ya kuhesabu noti, na muuzaji asingethubutu kuuza. Kilichowaumiza watu ni ramani iliyofichika, na dawa yake ni ramani iliyo wazi.

Vivyo hivyo kwa mabonde. Mkazi anaweza kuogopa kwamba akionyesha maji yalimfika kifuani, kesho ataambiwa ahame. Hofu hiyo ina sababu. Ndiyo maana ramani ya mtaa lazima iwe mali ya mtaa: ichorwe na wakazi, ibaki na nakala mikononi mwao, na itumike kudai mtaro, fidia stahiki na makazi mbadala. Aliye na ramani yake mezani hujadiliana na aliyekuja na ya kwake. Asiye nayo husomewa tu uamuzi.

La kufanya

Serikali ya mtaa ni ofisi ndogo kuliko zote na iliyo karibu zaidi na wananchi. Ina bendera, ina daftari la wakazi, ina mhuri. Haiwezekani ofisi inayothibitisha nani anaishi wapi ikose picha ya mahali penyewe. Kuchapa karatasi moja kubwa ni gharama ndogo sana ukiiweka kando ya gharama ya mita moja ya lami, na faida yake inatangulia kila mita ya lami itakayofuata.

Kwa hiyo, msomaji, nenda kwenye ofisi ya mtaa wako uulize maswali matatu. Ramani ya mtaa wetu iko wapi? Ilichapwa lini? Na mstari wa hifadhi ya barabara unapita wapi? Ukijibiwa kwamba haipo, shirikiana na majirani muipakue kutoka OpenStreetMap, muichape, mtembee nayo na kalamu, muijaze, kisha mumkabidhi mwenyekiti nakala mbele ya mkutano wa wananchi na nakala nyingine mpeleke TARURA. Jiji litakalowasikiliza wakazi wake ni lile ambalo wakazi wake wanaweza kuweka kidole kwenye karatasi na kusema: barabara ipite hapa.